Kabla ya Kuupanda Mvinje



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama wa Kwale, mvinje hauhitaji kutambulishwa kwenu. Mtu akivuka Likoni na kushika njia ya kusini, akapita Ngombeni, Tiwi na Ukunda hadi kufika Msambweni, atauona kila upande: ufuoni, mipakani mwa mashamba, kando ya viwanja vya shule na nyuma ya nyumba za watu. Ni mti mrefu uliosimama wima, wa kijani mwaka mzima, wenye nyuzi nyembamba zinazoning'inia mahali pa majani. Upepo wa kusi ukiupiga hutoa uvumi kama wa mawimbi ya mbali, hata mgeni aliyelala ndani hudhani bahari imesogea.

Masika yako njiani, na kama ilivyo kila mwaka, familia nyingi zatafuta miche. Makala haya yanaeleza mti huu ni wa namna gani, hupandwaje, na hupandwa wapi. Lakini kabla ya hayo nataka kusimulia jambo lililotokea katika ukoo wangu, kwa sababu lilinifundisha kwamba kazi ya kupanda mvinje huanza kwa maneno kabla ya jembe.

Miti 320

Mama yangu mdogo aliolewa upande wa Msambweni. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kipande cha ardhi, kama theluthi moja ya ekari, mchanga mtupu usiokubali mahindi. Siku moja alimwambia mumewe, "Bwana, hapa nyuma pamelala bure. Waonaje nikipanda mivinje?" Mumewe akamjibu, "Panda, bibiye. Changu na chako ni kimoja."

Lilikuwa jibu la mapenzi, naye alilipokea hivyo. Kwa fedha za mikeka aliyoisuka kwa mikono yake alinunua miche, akapanda 320 kwa nafasi ya mita mbili mbili. Kiangazi cha kwanza alibeba maji ya kisima kwa ndoo. Alipalilia, akafukuza mbuzi wa jirani, akaziba pengo kila mche ulipokufa. Mwaka wa tano miti ilipofika kimo cha boriti, na wanunuzi walipoanza kupita kuitazama, mumewe alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Marehemu aliacha wake wawili. Mama mdogo alikuwa na binti mmoja. Mke mwenzake alikuwa na vijana watatu wa kiume. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia. Mirathi ikagawanywa kama sheria inavyoagiza: thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa wake wote wawili kwa pamoja, na iliyobaki kwa watoto, mwana wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Ardhi ilikuwa ya marehemu, na miti ilisimama juu ya ardhi yake. Hapakuwa na karatasi wala shahidi wa kusema vingine. Basi miti nayo ikahesabiwa katika mali yake. Kila mjane alipata miti 20. Binti alipata 40. Kila kijana alipata 80.

Nataka ieleweke vyema kwamba hakuna aliyemdhulumu. Mke mwenzake ni mtu mwema, na wale vijana hadi leo humwamkia mama yao mkubwa kwa heshima. Sheria iligawa kwa haki kile kilichowekwa mbele yake. Kilichokosekana ni maneno machache ambayo yangesemwa mbele ya mashahidi miaka mitano nyuma. Mama mdogo mwenyewe hakulalamika. Alisema tu, "Sikujua kwamba kimoja nacho kina mwenyewe."

Nitalirudia jambo hili mwishoni. Sasa natuutazame mti wenyewe.

Mti unaofanana na msonobari

Wageni wengi huuita mvinje msonobari wa pwani, na kwa kuutazama tu hawana kosa. Una umbo la msonobari, unabaki kijani wakati wa kiangazi, na huzaa vifundo vidogo vigumu mfano wa koni. Misonobari ya kweli, kama ile iliyopandwa juu ya vilima vya Shimba, ina majani ya sindano, na mbegu zake hukaa wazi kati ya magamba ya koni. Mvinje hauko katika jamii hiyo. Ni mti wa maua, na kwa nasaba ya mimea uko karibu zaidi na mialoni kuliko misonobari.

Mtoto yeyote aweza kulithibitisha jambo hili. Achukue uzi mmoja wa kijani na auvute taratibu. Utakatika penye pingili, na mahali ulipokatika ataona vimeno vidogo vilivyojipanga kwa duara, aghalabu sita hadi vinane. Vimeno hivyo ndivyo majani ya mvinje. Uzi wenyewe ni kijitawi kinachofanya kazi ya jani. Kwa kuwa majani yake ni madogo namna hiyo, mti hupoteza maji machache, nao hustahimili jua na upepo wa chumvi unaokausha mimea mingine.

Vifundo vyake ni vidogo, kama ncha ya kidole gumba. Vikikomaa hufunguka vijidirisha vingi, na kila kimoja hutoa mbegu moja yenye ubawa mwembamba. Mbegu ni nyepesi mno, hata kilo moja hubeba mbegu laki kadhaa. Wataalamu huuita mti huu Casuarina equisetifolia. Neno la kwanza latokana na kasuari, ndege mkubwa asiyeruka wa Australia na Nyugini, kwa sababu nyuzi za mti zafanana na manyoya yake marefu. La pili lahusu majani yanayofanana na singa za farasi.

Asili ya mvinje ni Asia ya kusini-mashariki, kaskazini ya Australia na visiwa vya Pasifiki. Umekaa pwani yetu muda mrefu hata ukapata jina la Kiswahili. Ukiachwa ukue mahali pazuri waweza kufika mita 35, na maisha yake ni kama miaka 40 au 50. Kwa hiyo ni mti unaoweza kuwaona wajukuu, lakini si kama mbuyu unaohesabiwa kwa karne.

Siri iliyo mizizini

Jambo linaloushangaza moyo ni kwamba mti mkubwa namna hii humea katika mchanga usio na rutuba. Siri yake iko chini ya ardhi. Katika mizizi ya mvinje huota vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huishi vijidudu vinavyoitwa Frankia. Vijidudu hivi huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, nao mti huvilipa kwa sukari. Akina mama wanaolima kunde wanalijua jambo kama hili, kwa maana mizizi ya kunde nayo ina vinundu, ingawa vijidudu vyake ni vya aina nyingine.

Kuona nguvu ya ushirika huo, natuvuke kivuko cha Likoni hadi Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Huko mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa miaka mingi ili kutengeneza saruji, na shimo lililobaki lilikuwa jeupe, la joto kali, lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, ni tatu tu zilizoonyesha kustahimili, na mvinje ulikuwa mmojawapo.

Lakini nyuzi kavu za mvinje zilianguka na kurundikana bila kuoza, maana ni ngumu na zina uchachu. Ndipo walipoletwa majongoo, wale wakubwa wekundu tunaowaona masika. Majongoo walizila nyuzi zile, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege na wanyama. Leo mahali hapo huitwa Haller Park, na watoto wa shule hupelekwa kutembea chini ya vivuli.

Nimeileta habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mvinje kweli waweza kufufua ardhi iliyochoka. Pili, hauifufui peke yake. Ulihitaji vijidudu, majongoo na uvumilivu wa miaka. Anayepanda mivinje mwaka huu akitarajia kuvuna mahindi mazuri chini yake mwaka ujao atasikitika.

Faida yake kwa nyumba

Tangu zamani nyumba za pwani zilijengwa kwa miti ya mikoko, nayo ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mikoko ilikatwa kupita kiasi, na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuiuza nje ya nchi. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha pia ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Kila mlango wa msituni ulipofungwa, mafundi waligeukia miti ya mashambani, na mvinje ukawa na thamani. Hutumika kwa paa za makuti, kwa kuta za udongo, kwa nyua, na kwa majukwaa ya mafundi wanaojenga ghorofa.

Kwa makadirio ya kawaida, mivinje iliyopandwa karibu karibu hutoa fito katika mwaka wa pili au wa tatu, pau na mazio kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na boriti baada ya hapo. Mwenye subira ya miaka minane au zaidi hupata nguzo. Ardhi na mvua huweza kuharakisha au kuchelewesha hesabu hii.

Mbao zake ni nzito na ngumu. Hupasuka zikipasuliwa kwa msumeno, na ndiyo sababu huuzwa zikiwa nzima kama miti. Kwa kuni hazina mfano: huwaka hata zikiwa hazijakauka sawasawa, na makaa yake hukaa na moto. Mama anayepogoa matawi ya chini ya mivinje yake hapati tu miti iliyonyooka. Hujipunguzia pia safari ya kwenda kutafuta kuni.

Namna ya kuupanda

Mbegu. Chagueni mti mama ulionyooka na wenye afya. Vifundo vichumwe vikianza kugeuka rangi kutoka kijani kuwa hudhurungi, kabla havijafunguka. Vianikwe juu ya shuka mahali pasipo na upepo mkali, na baada ya siku chache mbegu zitadondoka zenyewe. Chungu huzipenda mno mbegu hizi, basi nyunyizeni jivu kuzunguka shuka na baadaye kuzunguka kitalu. Mbegu zisiwekwe muda mrefu, kwa maana nguvu yake ya kuota hupungua upesi katika joto letu.

Kitalu. Mbegu zisizikwe chini sana. Zitawanywe juu ya mchanga laini, zifunikwe kwa mchanga mwembamba, na zinyunyiziwe maji kwa upole asubuhi na jioni. Zitaanza kuchomoza baada ya siku kadhaa, na nyingi zitakuwa zimetoka katika wiki ya tatu. Vimiche vikifika urefu wa kidole vihamishiwe kwenye vifuko. Pakiti kuu kuu za maziwa zilizotobolewa chini zinatosha, wala hapana haja ya kununua kitu.

Udongo wa mti mkubwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wale vijidudu wa mizizini hawaishi kila mahali. Chukueni udongo kidogo kutoka chini ya mvinje mkubwa wenye afya, na uchanganywe na udongo wa vifuko. Konzi moja kwa ndoo ni mwanzo mzuri. Mche usiopata vijidudu hivi hubaki wa njano na kudumaa, na mwenye shamba hudhani mbegu ilikuwa mbaya.

Kupanda. Miche huwa tayari ikifika kimo cha goti au chini yake kidogo, baada ya miezi minne au mitano. Kwa hivyo anayetaka kupanda masika ya Aprili aanze kitalu Novemba au Desemba, na aliyechelewa anunue miche iliyokwisha kukomaa. Shimo liwe kama sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu. Pandeni mvua ikishaulowesha mchanga hadi chini, jioni au siku ya mawingu, na muondoe kifuko bila kuvunja udongo ulioshika mizizi.

Nafasi. Kwa miti ya kujengea, mita mbili kwa mbili inafaa. Kwa nguzo kubwa ongezeni nafasi, au pandeni karibu kisha mpunguze kwa kuvuna fito na pau mapema. Mvinje hupenda jua kamili. Chini ya kivuli cha mwembe au mkorosho hautafanya kitu.

Malezi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya hatari. Magugu yang'olewe kuzunguka mche, na mbuzi wazuiwe. Katika kipindi hiki mwaweza kupanda kunde au mihogo katikati ya safu, na palizi ya mazao ikawa ndiyo palizi ya miti. Matawi ya chini yapogolewe kidogo kidogo, yasizidi nusu ya chini ya mti. Mkiona gome linafura na kupasuka na mti unakauka kuanzia juu, uondoeni mti huo mapema na mmuulize afisa wa misitu, kwani upo ugonjwa wa gome unaoua mivinje. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, yaani KEFRI, ina kituo chake cha pwani huko Gede, na mvinje ni miongoni mwa miti inayoshughulikiwa nayo.

Kuvuna. Mvinje huu ukikatwa kwa nadra huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Anayekata lazima apande upya, na ni busara kuweka miche tayari kabla ya shoka. Vilevile, kabla ya kusafirisha miti kwa gari, ulizeni ofisi ya misitu kuhusu kibali, msije mkashikwa njiani na mali yenu ya halali.

Mahali pasipofaa

Si kila pahala pana haja ya mvinje. Msiupande karibu na nyumba, kisima wala tangi la maji, kwa sababu mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, na mti mkubwa waweza kuangushwa na upepo. Msiupande pembeni mwa jiko la makuti, kwani nyuzi kavu hushika moto kwa cheche moja, na mti wenyewe hauvumilii moto.

Msiupande penye maji yanayotuama, wala katika bonde la mpunga. Pia msiupande kwenye mchanga wa ufuo ambako kasa hupanda kutaga mayai. Mizizi na nyuzi zake huziba mchanga, na mimea ya asili inayoushikilia ufuo hukosa pa kuota. Na wala usiingizwe ndani ya makaya. Msitu wa Kaya Kinondo, pale Diani, ni mmoja wa misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Uzuri wake ni ile miti ya asili ya aina nyingi iliyokua pamoja, na mti mgeni unaofunika ardhi kwa nyuzi zake hauna nafasi humo.

Neno la mwisho katika sehemu hii ni chakula. Fedha za boriti huja mara moja kwa miaka, ilhali watoto hula kila siku. Familia yenye ekari moja tu isiigeuze yote kuwa mivinje. Mipaka, na kile kipande cha mchanga kisichozaa kitu, ndiyo mahali pake.

Miti ni ya nani?

Sasa narudi kwa mama yangu mdogo. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: mwenye ardhi si lazima awe ndiye mwenye miti. Katika mashamba ya minazi, mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwingine, akaivuna, akaiuza, na ikarithiwa kama mali yake. Lakini walifanya hivyo kwa kutamka na kwa kushuhudia, na kijiji kizima kilijua mnazi upi ni wa nani.

Mwanamke katika Uislamu ana mali yake mwenyewe, na mume hana haki ya kuichukua bila ridhaa yake. Hilo twalisema mimbarini na katika darasa. Hata hivyo haki isiyojulikana ni ipi na inaishia wapi ni vigumu kuitetea mtu akisha kufa. Qur'ani Tukufu, katika aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, imetufundisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Ikiwa deni la siku chache laandikwa, itakuwaje kwa miti itakayosimama miaka kumi?

Basi kabla ya masika, mume na mke na wakae pamoja na wajibu maswali haya. Ardhi hii ni ya nani: ni ya mume, ya mke, ya ukoo, au hata hatimiliki haijatoka? Fedha za miche zimetoka mfukoni mwa nani? Miti itakapouzwa, nani atapokea, na kwa mafungu gani? Mmoja wetu akitangulia, miti hii itahesabiwa katika mali ya nani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe sahihi, na wawepo mashahidi wawili waadilifu. Kama ardhi ni ya ukoo, wazee wa ukoo nao waelezwe.

Mume akitaka kumpa mkewe miti iwe yake, na ampe akiwa hai na mwenye afya, amkabidhi na watu wajue kwamba amemkabidhi. Asingoje kuiandika katika wasia, maana mrithi hausiwi juu ya fungu lake mpaka warithi wengine waridhie. Na mke aliyenunua miche kwa fedha zake akaipanda kwa ruhusa ya mumewe, na lisemwe wazi mbele ya mashahidi kwamba miti ni yake na ardhi ni ya mumewe. Kwa ufafanuzi zaidi, wapo masheikh wetu, na ipo Mahakama ya Kadhi ambayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imeipa mamlaka juu ya mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo.

Wengine watasema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Nasema ni kinyume. Lau baba yangu mdogo angejua kwamba maneno yake ya upendo yangemwachia mkewe miti 20 kati ya 320, angekuwa wa kwanza kutafuta kalamu. Alimpenda mkewe, naye aliwapenda pia watoto wake wote. Karatasi ingewahifadhi wote, na ingemwondolea mjane uzito wa kuchagua kati ya kunyamaza na kuonekana mwenye tamaa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametufundisha pia kwamba hata Kiyama kikikaribia na mmoja wetu ana mche mkononi, aupande akiweza. Mvinje hauna tunda la kuliwa na binadamu, lakini una kivuli kwa msafiri, kuni kwa mjane, na paa kwa anayeanza maisha. Nani ajuaye ujira wake?

Mama mdogo aliiuza miti yake 20. Kwa fedha hizo alinunua miche mipya, na safari hii aliipanda katika kiwanja alichorithi kwa babake. Binti yake alimsaidia kuchimba mashimo. Walipomaliza, alimwita imamu wa mtaa na jirani mmoja, akawapa chai na mahamri, akasema mbele yao miti mingapi ni yake na mingapi ni ya binti yake. Kisha akaleta daftari.

Mwenyezi Mungu azibariki ardhi zetu, ainyeshe masika ya heri, na atujaalie tuwe wenye kuacha nyuma yetu kivuli na mapatano.

Wabillahi tawfiq.